Mijakaranda Thelathini na Minne

Mti wa kwanza ulikuwa umekufa nusu. Inspekta aliuzunguka mara mbili, mikono nyuma, halafu akasimama upande wa njia na kutazama juu. Matawi ya upande huo yalikuwa makavu kama kuni. Ya upande wa pili, yanayotazama bondeni, yalikuwa bado na majani, ila ncha za majani zilikuwa zimeungua.

"Na huu hivyo hivyo," Koplo alisema akiwa kwenye mti wa pili. "Na ule pale. Afande, tutaikagua yote thelathini na minne?"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda kukaa."

Koplo alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, ila magoti yake yalishatangulia. Kituoni walimwita Koplo Magoti, naye aliitika bila kinyongo. Inspekta alimpa daftari, akamwambia aandike namba ya kila mti, upande uliokauka, na alama yoyote iliyopo kwenye gome.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi. Saa kumi jioni ripoti ilitakiwa iwe mezani kwa Mkuu wa Kituo. Jumatatu Bodi ya Mambo ya Kale ingekaa kuamua kama Jumba la kale na ardhi yake vilindwe, au kampuni iliyovinunua ivunje kila kitu na kujenga maghala. Jumba lenyewe halikuwa na la kujitetea. Paa lilianguka miaka sita iliyopita, popo wakahamia, na ngazi ya mbao ililiwa na mchwa kiasi kwamba ukikohoa nayo inaitikia. Mkaguzi wa Bodi aliandika wazi mwaka jana kuwa kwa magofu hayo peke yake asingejisumbua. Kilichomfanya ajisumbue ni hii njia: hatua mia nne za mawe yaliyopangwa kwa mkono, mijakaranda mizee kumi na saba huku na kumi na saba kule, ikiteremka mpaka bwawani. Njia ikifa, na ombi la wakazi limekufa.

Kanuni ya Bodi haikuwa na maneno mengi. Mwenye mali akiharibu mahali palipoombewa ulinzi, ananyang'anywa kibali cha kujenga. Mwombaji akiharibu, ombi lake linatupwa siku hiyo hiyo. Kamati ya wakazi ilikwenda polisi ikasema kampuni imeitia miti sumu. Kampuni ikasema haijui lolote. Katikati ya hao wawili ndipo alipotumwa Inspekta.

"Afande! Matundu!"

Inspekta aliharakisha. Kwenye shina la mti wa tisa, usawa wa kifua, palikuwa na matundu matatu ya mviringo, safi, kana kwamba yametobolewa kwa keekee. Hivi ndivyo watu wanavyoua mti kimyakimya: unatoboa, unamimina sumu, unaziba, unakwenda zako. Alichukua njiti ya kiberiti akaiingiza kwenye tundu la kwanza. Ndani palivuma. Nyuki mweusi, mnene kama kidole gumba, alitoka kwa hasira akamvaa Koplo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule Koplo alionekana akikimbia.

"Andika," Inspekta alisema, hakucheka. "Mti wa tisa, matundu matatu. Nyuki wa mbao. Si keekee."

"Niandike na mimi nimeponea wapi?"

"Andika magoti yamepona."

Waliendelea kuteremka. Mbuzi watatu wa jirani walikuwa mbele yao. Bondeni kulikuwa na nyasi mbichi za kutosha kundi zima, lakini wao walikuwa wameinamisha vichwa kwenye kingo za mawe ya njia, wanalamba.

"Hawa nao wamepungukiwa," Koplo alisema. "Nyasi zote zile, wao wanalamba mawe."

Inspekta aliwatazama kidogo, akapita.

*

Ofisi ya Msimamizi wa kampuni ilikuwa ndani ya kontena, karibu na lango. Mezani palikuwa na ramani ya maghala, feni iliyokuwa inapuliza ramani hiyo, na jiwe la kuizuia isiruke. Msimamizi alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kuchoka. Alijibu kabla hajaulizwa.

"Dawa ya magugu ninayo. Jerikeni sita. Twende ukaone."

Stoo ilikuwa nyuma. Inspekta alihesabu jerikeni, akasoma namba za kila moja, akazilinganisha na hati ya kupokelea mzigo. Tano zilikuwa na muhuri wake. Ya sita nayo ilikuwa na muhuri, lakini juu yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, mwandiko wa mkono, herufi kubwa.

"Hii nini?"

"Soma mwenyewe."

*Tunashukuru kwa ujirani mwema. Tunairudisha kama ilivyokuja. Sisi hatutumii sumu. Mwenyekiti wa Kamati.*

"Mwezi wa pili," Msimamizi alisema, "niliwaona wanang'oa magugu kwenye yale mawe kwa vidole, wazee watupu, migongo imepinda. Nikawapa jerikeni moja bure. Sitaki njia yao, sitaki Jumba lao, lakini nina mama na mimi. Jioni ikarudi na hiyo barua."

"Kwa hiyo hukuwahi kufungua hata moja."

"Inspekta, nikitaka kuua ile miti nina misumeno minne ya injini. Bodi ikisema hapana, siigusi. Ikisema ndiyo, nitaikata kwa siku mbili. Niitie sumu ya nini, nikapoteze kibali?"

Jibu lilikuwa na mantiki, na Inspekta hakulipenda. Tangu Jumanne alipochukua udongo kwenye shina la kila mti wa tano na kuupeleka maabara, alikuwa anasubiri mtu wa kampuni aseme uongo mmoja tu wa kushikika. Huyu alikuwa hasemi.

Akamwita mlinzi wa lango. Mlinzi alivua kofia, akaivaa tena, akaivua.

"Umemwona nani akiingia njiani miezi hii?"

"Watu wa kamati. Kila Jumamosi, asubuhi mpaka jua kali."

"Wanafanya nini?"

"Wanafagia, wanabeba ndoo. Uani kule kwa jiko la zamani moshi unatoka, wanapika. Wanaimba. Wananiletea na mimi sahani."

"Mwingine yeyote?"

"Mbuzi."

"Siku nyingine za wiki?"

"Mbuzi," mlinzi alirudia, na hakuwa anafanya mzaha. Inspekta aliandika maelezo, mlinzi akatia sahihi yake kubwa inayochukua mistari mitatu.

*

Mwenyekiti wa Kamati aliwasubiri kwenye kizingiti cha Jumba, kilemba kimefungwa vizuri, daftari kwapani. Mtaa mzima walimwita Bi Mpishi. Mama yake alipikia Jumba hilo miaka thelathini, enzi lina paa na wageni, naye mwenyewe alipikia shule mpaka alipostaafu. Ni yeye aliyeandika ombi kwa Bodi, akalirudia mara tisa kwa sababu makarani walikuwa wanamrudishia. Ni yeye pia aliyekwenda kituoni kufungua kesi, akakaa kwenye benchi kwa saa tano bila kuomba hata maji.

"Mwanangu, umempata?"

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ukimpata usimpige. Nileteeni mimi tu, nimuulize amekosewa nini na miti."

Aliwatembeza. Alitembea mbele, mwepesi kuliko Koplo, akionyesha kwa kidole: hapa palikuwa chumba cha muziki, hapa mama alipoangusha sufuria ya supu mbele ya wageni akajifanya imepangwa. Alicheka mwenyewe. Mvua ilikuwa imeacha ramani za ukungu ukutani, na mti ulishaota ndani ya bafu, umetoa tawi dirishani.

Nyuma, kwenye ua wa jiko la zamani, Inspekta alisimama. Magugu yaliyokuwa yamemeza Jumba zima yalifika kwenye ukuta mfupi wa ua huo yakakoma. Ndani, mawe yalikuwa meupe na matupu. Hapakuwa na hata jani moja.

"Hapa mnapalilia mara ngapi?"

"Hapa? Hapa hapahitaji. Mama alikuwa hataki kuona jani uani kwake, na mpaka leo majani yanamwogopa."

Koplo alicheka. Inspekta aliandika: *ua wa jiko, safi.*

Pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, palipangwa miche. Bi Mpishi aliiinamia na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeonyesha wajukuu. Miche mia mbili na kumi ya mjakaranda, mbegu za miti ile ile ya njiani, kila mche ndani ya pakiti nene ya plastiki yenye mstari wa bluu, imetobolewa chini. "Mti mzee ukianguka, mtoto anaingia. Ndivyo tulivyomwandikia mkaguzi."

"Pakiti nyingi hivi mmezipata wapi?"

"Kwa watu. Sisi hatutupi kitu. Kila Jumamosi mtu anakuja na yake."

"Na njia mmeisafisha vizuri. Sikuona gugu."

Bi Mpishi alinyooka, akajishika kiuno. "Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza aliandika njia imemezwa na magugu, pametelekezwa. Pametelekezwa! Nililisoma hilo neno nikaona aibu kama nimekutwa na vyombo vichafu. Nikawaambia wenzangu, akirudi huyu asione hata jani. Na kifungu cha tano cha ombi letu ni changu, nilisema kiandikwe kwa herufi nzito: kamati haitatumia sumu ya aina yoyote, kwa kuwa watu wanachota maji ya bwawa. Ndiyo maana, mwanangu, inaniuma. Sisi tunakwepa hata tone, halafu mtu anakuja kumwaga."

Macho yake yalijaa, akayafuta kwa ncha ya kilemba bila kuona haya.

"Leo ni siku ya mwisho," alisema. "Jumatatu nikiingia pale bila jina la aliyeharibu, watasema miti imejifia. Nipatie jina tu."

"Nitakupatia," Inspekta alisema. Koplo alimtazama. Afande wake hakuwa na tabia ya kuahidi.

*

Saa saba kasoro walikuwa kituoni. Koplo alifungua kitambaa chake cha chakula juu ya faili: mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha mkate. Simu ililia. Alikuwa Mkemia wa maabara, mtu anayeongea kana kwamba kila neno limepimwa kwenye mizani.

"Sumu hamna. Nimetafuta aina kumi na moja."

Inspekta alikaa. "Hamna kabisa?"

"Hamna. Kuna chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya kupikia, afande. Hiyo hiyo ya mezani kwako. Udongo ulio karibu na mawe unayo mara ishirini ya kawaida. Ule wa upande wa bonde hauna kitu."

"Inaweza kuwa imetoka ardhini?"

"Ingekuwa pande zote. Hii imeyeyushwa kwenye maji, ikamwagwa njiani, ikashukia mitaroni kwenye mizizi. Si mara moja. Miezi."

"Miti itapona?"

"Ukiiosha kwa maji matupu, mengi, na ukapata misimu miwili ya mvua nzuri, michache labda. Mingine sikuahidi."

"Majibu haya yameshakwenda kwa nani?"

"Kwako na kwa Bodi. Ndio utaratibu."

Inspekta aliuliza swali moja la mwisho. Mkemia alijibu kwa sentensi mbili. Kalamu ilikuwa mkononi, daftari lilikuwa wazi, lakini jibu hilo hakuliandika.

Alipoweka simu chini, Koplo alikuwa amemenya yai la kwanza. Alitoa pakiti kwenye mtoto wa meza, akanyunyiza, akairudisha. Inspekta alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo."

"Afande, sogea mezani, tule wote."

"Nipe pakiti, Koplo."

Plastiki nene. Mstari wa bluu. Aliishika muda mrefu. Mbuzi waliacha nyasi, wakalamba mawe. Uani kwa jiko hapaoti jani. Watu wa ndoo kila Jumamosi, moshi unatoka. Pakiti mia mbili na kumi, na hizo ni zile tu zilizopandwa miche.

Koplo alimwona anavyoitazama, akaacha kutafuna. Hakuwa mjinga, alikuwa amechoka tu. "Siyo wao," alisema.

"Nani mwingine?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Koplo alisema polepole.

"Nyamaza, Koplo. Si leo."

Koplo alimeza yai. "Basi andika chumvi. Mtu asiyejulikana. Nani atakuuliza?"

"Bodi ina karatasi ya Mkemia. Mlinzi ametia sahihi kwamba hajamwona mtu mwingine ila wao na ndoo zao. Wakili wa kampuni akiwa na macho mawili, Jumatatu saa tatu atakuwa ameshasoma. Nami nitakuwa nimesema uongo bure."

"Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Sijui," Inspekta alisema. Katika miaka sita aliyofanya naye kazi, Koplo hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

*

Saa nane walirudi. Bi Mpishi alikuwa uani peke yake, anamwagilia miche kwa kikombe. Alipowaona wote wawili bila haraka, uso ulimchangamka.

"Mmempata!"

"Mama, tukae."

"Nitakaa nikishasikia."

Inspekta alifungua daftari. Aliuliza kama alivyofundishwa, swali moja, kisha jingine, bila kuongoza jibu.

"Jumamosi, mnapokuja hapa na ndoo, ndani ya ndoo kuna nini?"

"Maji ya chumvi."

Alilisema wazi, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Nani aliyewaambia?"

"Mama yangu! Hakuniambia, nilimwona. Kila Jumamosi alichemsha sufuria kubwa, akatia chumvi mpaka yai linaelea, akamwaga hapa uani kwenye mawe. Si unaona? Miaka arobaini amekufa, mpaka leo hapajaota kitu. Tuling'oa kwa mikono mwezi mzima, migongo ikakataa. Nikakumbuka. Kila nyumba ikaleta pakiti moja kwa zamu, nyumba arobaini na moja, hakuna aliyekosa. Na si sumu, mwanangu. Chumvi tunakula."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na mlimwaga wapi?"

"Njiani. Yote, kuanzia langoni mpaka..."

Aliishia hapo. Kikombe kilikuwa bado mkononi, kimeinama, maji yanadondoka kwenye kiatu chake, hakuyaona. Alitazama ua mweupe wa mama yake usioota kitu. Halafu akageuza shingo upande wa njia, ambako kutoka pale palionekana vilele vya miti mitatu, nusu vimevaa majani, nusu vimebaki mifupa.

"Hapa hapakuwa na mti," alisema.

"Hapana, mama. Hapakuwa na mti."

"Hapa hapakuwa na mti wowote wa kufa."

Koplo alimletea ndoo iliyopinduliwa, akamkalisha juu yake kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkalisha mama yake. Inspekta alikuwa amewahoji wauaji, walaghai, na mtu mmoja aliyeuza nyumba ya shemeji yake mara tatu, na siku zote alijua aulize nini baada ya mtu kukiri. Hapa alifunga kalamu.

Bi Mpishi ndiye aliyeanza. Sauti ilikuwa imekauka, lakini akili ilikuwa inakimbia. Zile mara tisa za makarani zilimfundisha kutafuta mlango.

"Nikijiuzulu leo? Nikiandika barua sasa hivi, kwamba mimi si mwenyekiti?"

"Ulikuwa mwenyekiti ilipomwagwa."

"Sawa. Andika ni mimi peke yangu. Kamati haikujua. Chumvi nilinunua mimi, ndoo nilibeba mimi."

"Ndoo zote hizo kila Jumamosi, mama? Mlinzi ametia sahihi kuwa mlikuwa wengi, mnaimba." Alivuta nakala ya kanuni kutoka kwenye faili, akamsomea, kwa sababu hakutaka lionekane ni neno lake. "*Mwombaji, au mtu yeyote aliyetenda kwa niaba yake.* Hata ungekuwa peke yako, ni hivyo hivyo."

"Hatukukusudia."

"Wanauliza nani na nini. Kukusudia hawaulizi."

"Wapi kwenye karatasi yako panapouliza?"

Inspekta aliigeuza fomu ili aione. Mahali. Tarehe. Kilichoharibiwa. Kilichotumika. Aliyehusika. Sahihi. Bi Mpishi aliipitisha kidole mstari kwa mstari, akifika mwisho akaanza tena juu, akitafuta.

"Naweza kuacha hapa patupu," Inspekta alisema, kidole kwenye *Aliyehusika*. Alijua anasema upuuzi, na alijua Koplo anamsikia. "Sitasema uongo. Nitapaacha tu."

"Watapajaza wenyewe Jumatatu."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote. Wenzangu wamekaa pale wamevaa nguo nzuri, wasomewe na wakili kwamba ni wao." Alitikisa kichwa. "Hapana. Wasisikie kwa mgeni. Andika, mwanangu. Nilikuja kwenu kudai jina, nikakalia benchi lenu mchana kutwa. Si ndilo hili? Andika. Jioni nitawaita mimi, niwaambie kwa kinywa changu."

Inspekta aliandika. Aliandika polepole kuliko kawaida, na mwandiko wake uliokuwa unasifiwa kituo kizima ukatoka umepinda. Bi Mpishi alimsomea majina ya wajumbe kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, la mahudhurio, lililopigwa mistari kwa rula, Jumamosi moja baada ya nyingine, hakuna aliyekosa. Kila jina alilitaja na kuacha kidogo, kisha lingine.

"Ongeza mstari mmoja," alisema walipomaliza.

"Upi?"

"Kwamba sumu hatukutumia. Kifungu cha tano tulikishika mpaka mwisho."

Fomu haikuwa na nafasi ya mstari huo. Inspekta aliuandika pembeni, kwa kusimamisha karatasi, akaweka herufi za kwanza za jina lake ili usije ukafutwa. Bi Mpishi alisoma yote mara mbili, akatia sahihi. Ilikuwa saa tisa na robo.

Nje, langoni, Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena, anawatazama kwa mbali. Mbuzi walikuwa wamefika mti wa ishirini, wanalamba. Koplo alifunga faili kwa kamba, akalikumbatia kifuani, akaanza kuondoka kabla hajaambiwa.

"Mwanangu." Bi Mpishi alikuwa bado amekalia ndoo. Alikuwa anatazama kontena. "Ile dawa aliyotupa yule bwana. Ile niliyomrudishia."

Inspekta aligeuka. Alijua linalokuja, kwa sababu saa saba kasoro na yeye aliliuliza.

"Nayo ingeua miti?"

Angeweza kusema hajui. Alifungua mdomo alitamke hilo, akamwona mama wa watu anavyomtazama, mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kuvumilia kitu kichafu.

"Hapana, mama. Ingeua magugu tu. Ikigusa udongo inaisha nguvu. Miti isingejua."

Bi Mpishi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kidogo kidogo. Aliokota kikombe chini, akapangusa ukingo wake kwa kanga, akakiweka juu ya ukuta mahali pake.

"Hilo," alisema, "usiliandike."